Laptopu Namba Kumi na Tatu

Vijana wa chumba cha vifaa mmenitaka niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitaandika habari za vyeo. Cheo changu cha mwisho kilikuwa na maneno sita na sikumbuki mtu hata mmoja aliyewahi kuyatumia. Nilikuwa Bi Asya wa vifaa, basi. Anayetaka mashine alikuja dirishani kwangu, anayerudisha alikuja hapo hapo, na anayetaka kulia pia.

Niliingia chuoni mwaka 1985, msichana wa Malindi ya hapa mjini, wa nyumba ambayo zamani ilikuwa na mashamba ya mikarafuu na wakati huo ilikuwa na hadithi za mashamba ya mikarafuu. Nilijua kupiga chapa kwa vidole vyote kumi, nikadhani nimemaliza kujua. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Haji, Mtumbatu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, fundi wa mashine zote za chapa pale chuoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa brashi na kichupa cha mafuta ya cherehani. Wiki nzima nilisafisha herufi. Nilipouliza lini nitapiga chapa, aliniambia kwamba mpiga chapa asiyeijua mashine yake ni sawa na mpishi anayeogopa jiko.

Mzee Haji alinifundisha mengi, lakini mawili nimekaa nayo mpaka nastaafu. La kwanza, usifungue mashine ya mtu mwenyewe hayupo, hata kama unajua kilichoharibika. La pili, kila kitu kiwe na namba. Kitu kisicho na namba kina miguu, ndivyo alivyosema. Namba aliziandika mwenyewe kwa rangi nyeupe ya mafuta na njiti ya kiberiti iliyochongwa, kwa sababu brashi za dukani aliziona nene. Alinikalisha mchana mzima nijifunze kuandika nane bila kuinua mkono. Nilinung'unika sana siku ile. Leo namshukuru, Mungu amrehemu, maana hakuna shule iliyonifaa kama lile benchi lake lenye harufu ya spiriti.

Kompyuta zilitufikia katika miaka ya tisini. Ya kwanza iliwekwa katika chumba chenye pazia, tukaivisha kitambaa cha kufuma, tukavua viatu mlangoni na kusogea kwa adabu kama watu waliokuja kutoa pole. Mwalimu mmoja wa hesabu alikataa kabisa kuizima jioni, akisema kitu kilichosumbua watu kiasi kile kukileta hakiwezi kuwa kinazimwa tu. Mzee Haji alikuwa anakaribia kustaafu. Aliitazama kutoka mlangoni, akauliza inatiwa mafuta wapi, nikamwambia haitiwi. Akatikisa kichwa. Siku ya kuaga aliniachia bisibisi zake zote na lile kopo la rangi nyeupe, akasema kompyuta au si kompyuta, namba itahitajika.

Kisha zikaja laptopu, miaka ya elfu mbili imeshaanza. Barua iliyozileta iliziita kompyuta mpakato. Zilikuwa kumi na mbili, nyeusi, mpya, nikaziandika namba kwa njiti, moja mpaka kumi na mbili, na juu ya namba maneno MALI YA CHUO. Mkuu wa chuo, Mwalimu Othman, akatoa sharti lake. Zipewe wanafunzi wa mwaka wa mwisho wasio na za kwao, watie saini, wasiingize chochote kisicho cha masomo, na mwisho wa muhula zirudi kwangu nizioshe. Kuosha ndivyo tulivyokuita kufuta kila kilichomo ili anayefuata aanze upya. Mwenye laptopu yake hapewi ya chuo, na laptopu ya mtu binafsi haitengenezwi chumbani kwetu. Niliona ni sharti la haki, nikalisimamia kama askari wa bandarini.

Basi kwa miaka kadhaa nikawatazama wanafunzi wa aina mbili kutoka dirishani. Wenye ya chuo walilalamika: nzito, betri haikai, haina nyimbo. Wenye zao walipita wamezining'iniza begani, na mimi moyoni nikisema hawa wameshavuka. Alikuwapo kijana mmoja wa Tumbatu mwenye namba saba, ambaye bibi yake aliifunika ile mashine kwa kanga na kuwafukuza watoto chumbani, akiwaambia hiyo mali ya Serikali, mtatufunga sote. Nilimcheka yule bibi. Sikujua kwamba alikuwa amejua jambo ambalo mimi, na bisibisi zangu zote, sijalijua.

Aliyekuja kunijulisha ni Zuleikha. Alikuwa mzaliwa wa Uroa, amelelewa Mpendae na shangazi yake, Bi Mtumwa, na anasomea ualimu. Mpole kupita kiasi, wa kusema naam hata akiitwa mwengine. Alikuja dirishani mwanzo wa muhula wa mwisho akaomba laptopu ya chuo. Nilikuwa nimeshamwona na yake, imebandikwa stika za maua kila upande, nikamuuliza anataka mbili za nini. Akainamisha macho. Nikamwambia sharti, nikafunga dirisha, nikaendelea na chai yangu. Nasema wazi kwamba nilimdhania tamaa.

Baada ya mwezi akarudi na ile yenye maua. Haikuwaka. Nilimkumbusha kwamba za watu binafsi hatutengenezi, akasema anajua, akabaki amesimama. Nikamwambia aingie akae, tuifungue pamoja. Chini ya kibodi nilikuta makombo ya visheti, unga wa hina, na vile vimetameta vya nguo za harusi. Nilipoisafisha ikawaka. Ndani yake mlikuwa na harusi tatu nzima, katuni za watoto, mipira, na nyimbo za kutosha kuendesha redio. Ripoti yake ya utafiti, ambayo ndiyo ingempa au kumnyima cheti, ilikuwa kurasa nne.

Nilimuuliza mwezi mzima alikuwa anafanya nini. Ndipo akanieleza, polepole, kama mtu anayemshitaki mzazi wake. Ile laptopu ilinunuliwa kwa mchango. Shangazi alipita kwa ndugu wote, wa mjini na wa Uroa, kila mmoja akatoa, na kwa hiyo kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Harusi ikiwapo, laptopu inakwenda kuonesha picha. Binamu yake wa hoteli ya Uroa aliichukua siku mbili ikakaa wiki tatu. Watoto wakilia wanawekewa katuni. Na shangazi mwenyewe, ambaye ndiye aliyehangaika kuliko wote, aliipeleka kwenye kikundi chake cha akina mama kila Jumapili kwa fahari kubwa ya kuonesha kitu cha mwanawe.

"Mwambie wanakuharibia masomo," nilisema.

"Siwezi, Bi Asya. Wote wamechanga. N'taonekana sina shukurani. Ingekuwa ya chuo ningesema nimekatazwa, na wangeelewa."

Miaka yote ile nilidhani mwenye chake ndiye huru. Kumbe kwetu kitu chako ndicho usichoweza kumnyima mtu, maana undugu ni kufaana, na asiyefaa anaitwa mchoyo mpaka kaburini. Cha chuo kina bwana wake mkali, ambaye ndugu hawamjui wala hawawezi kumbembeleza. Yule kijana wa Tumbatu alilalamika kuhusu betri, lakini alikuwa na kitu ambacho Zuleikha hakuwa nacho. Alikuwa na mtu wa kumsingizia.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na silifichi, kwa sababu mtalifanya na nyinyi kwa sura nyengine. Kumpa ya chuo nisingeweza, zote kumi na mbili zilikuwa nje. Lakini ile yake ilikuwa nyeusi kama zetu, imetengenezwa na watu wale wale. Nilichukua spiriti nikabandua maua yote. Nikaisugua mpaka ikang'aa. Kisha nikafungua kopo la Mzee Haji, nikachonga njiti, nikaandika MALI YA CHUO, na chini yake 13.

Zuleikha aliniuliza kama huo si uongo. Nilimwambia akifika nyumbani aseme yake iko kwa fundi, jambo ambalo kwa dakika ile lilikuwa kweli kabisa, na kwamba chuo kimempa hii mpaka amalize. Akaniangalia kwa namna ya mtoto anayemwona mkubwa akila mchana wa Ramadhani. Lakini aliichukua.

Ilifanya kazi kuliko dawa. Bi Mtumwa, aliyekuwa mwazimaji mkuu, akageuka mlinzi mkuu. Aliwafukuza watoto. Alimwambia binamu wa hoteli, alipokuja na mkono mbele, kwamba hii mali ya watu na yeye hataki kuitwa ofisini. Jioni alimwekea Zuleikha chai na mkate wa ufuta mezani, akafunga mlango, akakaa ukumbini kama bawabu. Zuleikha alinisimulia haya akicheka huku macho yamemjaa machozi. Alikuwa hajawahi kufungiwa mlango ili asome. Kurasa nne zikawa ishirini, zikawa arubaini. Mimi nikajiona fundi kweli kweli.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa muhula mmoja. Alhamisi moja, zikiwa zimebaki siku nne ripoti zikabidhiwe, alikuja mkaguzi wa vifaa. Alihesabu mashine, zilizoanza kurudishwa na zilizo nje kwa saini, akalinganisha na daftari langu, kumi na mbili kwa kumi na mbili, akanisifu. Njiani kuelekea kwenye gari alipita maktaba, akamkuta msichana anaandika kwenye namba kumi na tatu.

Aliniita. Aliuliza vipi mali ya chuo iko nje na haimo daftarini, na mimi, niliyekuwa na jibu kwa kila kitu, nikafunua kurasa za daftari kama ningeikuta humo. Akaichukua. Aliiweka katika kabati la mkuu wa chuo na kuagiza iandikwe daftarini na Jumamosi ioshwe pamoja na zilizokwisha kurudi. Muoshaji ni mimi. Nilimvuta Zuleikha pembeni nikamuuliza nakala iko wapi. Nakala ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa Uroa kwa binamu, aliyeiazima siku moja akaifuta ili atie filamu.

Nilikwenda kwa Mwalimu Othman nikamwambia ukweli wote, na kopo la rangi nikaliweka mezani kwake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema mashine ina jina la chuo, mwandiko ni wangu, na mkaguzi ameshaiandika. Kwa hiyo kauli yangu peke yangu haitoshi. Aje aliyeinunua, na risiti yake, aseme ni yake. Kama hakuja mpaka Jumamosi asubuhi, agizo litatekelezwa, na kabla ya hapo haifunguliwi hata kunakili ukurasa mmoja.

Risiti ilikuwa kwa Bi Mtumwa. Nilipomwambia Zuleikha, alikaa chini pale pale kwenye ngazi.

"Bora nirudie mwaka," alisema. "Akijua nilimficha kitu alichoninunulia mwenyewe, hatonitizama tena."

Alisema kweli, sikuona kama anazidisha. Cheti angeweza kukitafuta mwaka mwengine. Yule shangazi alikuwa mmoja, na Zuleikha hakuwa na mama mwengine. Usiku ule sikupata usingizi mzuri, maana uongo ulikuwa wangu na aliyekaribia kuulipia ni yeye.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda Mpendae peke yangu. Bi Mtumwa alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili ya barabara. Alinikaribisha, akanitilia chai, akaanza kukishukuru chuo kwa ile laptopu, na jinsi alivyoilinda. Nilimwacha amalize, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumkatiza. Kisha nikamwambia. Nilimwambia wazo lilikuwa langu na rangi ilikuwa yangu.

Aliweka kikombe chini. Nilisubiri ile sauti.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "n'lokuwa nnailinda ni mashine yangu mwenyewe."

Nilijibu ndiyo. Akatazama mlango wa chumba cha Zuleikha, uliofungwa.

"Mtoto huyu yuko kwangu tangu ana miaka sita. Miaka yote hiyo hajawahi kuniambia hapana. Nikijisifu kwa watu kwamba ni adabu." Alikigeuza kikombe kwenye kisahani. "Kumbe ananiogopa."

Nilitaka kumwambia si hofu, ni heshima, lakini nilihisi yeye ameipima tofauti hiyo vizuri kuliko mimi. Alinyanyuka, akasema asubuhi atakuja, na akanifungia mkate wa ufuta katika karatasi, ambao niliubeba mpaka Malindi nikiona haya.

Jumamosi saa mbili alifika amevaa buibui la kutokea, risiti mkononi. Tulikuwa wanne katika ofisi ya mkuu: Mwalimu Othman nyuma ya meza, Bi Mtumwa, mimi, na Zuleikha aliyesimama karibu na mlango kama anayetafuta njia. Hawakuwa wamezungumza nyumbani. Shangazi alimwambia tu avae wanaondoka.

Mwalimu Othman aliitoa laptopu kabatini, akasoma risiti, akauliza hii basi ni ya nani.

"Ilikuwa yetu sote, mwalimu," alijibu Bi Mtumwa. "Na hapo ndipo tulipokosea. Tuliinunua kwa ajili yake, tukasahau kumpa."

Aliichukua mezani kwa mikono miwili, akamgeukia Zuleikha. Akasema kwamba jana amewapigia simu wote waliochanga, mmoja mmoja, mpaka yule wa hoteli, na wote wameridhia, wengine kwa hiari na wengine baada ya kusikia sauti yake. Akasema anaitoa hiba, mbele ya mwalimu na mbele yangu kuwa mashahidi, na hiba ikishapokewa hairudi. Kisha akauliza, kama inavyotakiwa:

"Umepokea?"

Zuleikha alikuwa analia. Alinyoosha mikono, akaisogeza ile mashine kifuani.

"Nimepokea, shangazi."

Mwalimu Othman aliandika karatasi yake, sote tukatia saini. Mimi nilipewa barua ya onyo palepale, ameshaitayarisha, na nilistahili. Katika karatasi zote nilizopewa katika miaka yangu ya kazi, ndiyo pekee niliyoihifadhi nyumbani. Namshukuru aliyeiandika, kwa sababu angeweza kuandika kali zaidi. Nawashukuru pia wale wanawake wawili wa Mpendae, walionifundisha kwamba namba haiwezi kusema badala ya mtu. Mara ngapi nimemwona mwanafunzi anaomba mashine, kumbe anachokosa ni neno moja dogo. Rangi yangu ilimnunulia Zuleikha muhula. Isingemnunulia zaidi ya hapo.

Tulitoka. Nilitaka kumwambia Zuleikha apite chumbani nimfutie ile namba kwa spiriti, lakini Bi Mtumwa alisimama ghafla ukumbini, akamgeukia.

"N'likuwa nshasahau," alisema. "Kesho harusi ya ndugu yako Raya, na picha za kuoneshwa zimo humo humo. N'taiazima jioni moja tu."

Zuleikha aliniangalia mimi. Nikatazama feni ya dari, ambayo ilikuwa haizunguki. Zuleikha alipofungua mdomo sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Hapana, shangazi. Jumatatu nnakabidhi ripoti."

Bi Mtumwa akamtengeneza mtandio uliokuwa umemteleza begani, kama anavyotengenezwa mtoto wa miaka sita.

"Umeona?" alimwambia. "Wala sijafa."